Nani Atalala Tao?

Kila mtu wa Mowlem ninayemjua huenda tao, lakini simjui hata mmoja anayelala tao. Tunaenda kutafuta riziki, kununua simu, kufuatilia kitambulisho, kisha jioni tunapigania matatu ya kurudi Eastlands. Mimi nauza spika na redio za magari Luthuli Avenue. Siku ya kawaida napoteza saa mbili barabarani. Siku ya mvua ni tatu, na nauli nayo inapanda, hiyo hata huhitaji kuambiwa.

Kwa hivyo serikali ikisema inataka watu waishi karibu na katikati ya jiji, karibu na bustani na maduka, mimi husikia kama ni mimi naitwa kwa jina.

Mwaka 2019 nilishuhudia mtaa mmoja ukibadilishwa mbele ya mlango wa duka letu. Kaunti na UN-Habitat waliifanyia Luthuli kazi: matatu zikaondolewa, gari zikawa za kupita upande mmoja, njia ya miguu ikapanuliwa, miti ikapandwa, viti vikawekwa. Kabla ya hapo mteja alikuwa anaingia dukani akiwa ameshika mfuko kwa mikono miwili, masikio yamejaa honi na makanga. Bosi alikuwa na hofu kwamba matatu zikienda zitaenda na wateja wake. Hazikuenda nao. Watu walianza kutembea polepole, na mtu anayetembea polepole huangalia dirishani, na anayeangalia dirishani huuliza bei.

Lakini saa mbili usiku milango ya chuma inateremshwa, na vile viti vinabaki na askari wa usiku pekee. Mti ni mzuri, ila haumpi mtu sababu ya kubaki. Kitu kinachombakisha mtu mahali usiku ni kitanda chake kuwa karibu.

Tao haikuwa hivi siku zote. Ukipita River Road au Biashara Street, inua macho juu ya mabango ya rangi rangi. Utaona madirisha na roshani za zamani. Familia za Kihindi ziliishi huko juu, duka likiwa chini. Mwafrika hakuwa na nafasi hiyo. Yeye alijengewa huku mashariki, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, na mara nyingi alipewa chumba kimoja, kwa dhana kwamba mke na watoto wako mashambani. Jiji lilimtaka mchana. Usiku lilimtaka mbali. Ndio maana nikiwa kwenye gari Jogoo Road saa moja jioni, tumebanwa watu wanne kwenye kiti cha watatu, huwa naona tunafuata mpango ambao waliouchora walishakufa zamani.

Zile orofa za juu leo ni za vistoli. Chumba kilicholea familia kimekatwa kwa mbao na vioo, kila kipande kinatoshea mtu mmoja na nguo za kuuza. Mwenye jengo anakusanya kodi kwa kila kipande. Ukimwambia arudishe jikoni na choo ili akae mwalimu na watoto wawili, atakucheka, na kwa hesabu yake ana haki. Kwa hivyo nyumba mpya zinajengwa pembeni kidogo: Park Road kule Ngara, nyumba 1,370, na Pangani, ambapo nyumba 48 za zamani za kaunti zilibomolewa magorofa yasimame.

Mimi nimejiandikisha Boma Yangu. Tangu sheria ya 2024, asilimia 1.5 ya mshahara wangu inakatwa kwa ajili ya nyumba hizi, basi angalau niwe kwenye foleni. Ngara mpaka Luthuli ni dakika 20 hivi kwa miguu. Unashuka Globe, unapita Michuki Park, pale kando ya mto palipokuwa pamejaa taka na sasa watu wanapiga picha za harusi. Unavuka, umefika kazini. Hakuna nauli.

Jumapili moja nilimpeleka Mama akaone magorofa hayo, kwa nje tu. Aliyaangalia kuanzia chini mpaka juu, akaniuliza, "Kibanda kinakaa wapi?"

Nikamwambia ni nyumba za kukaa, Mama, si soko.

"Nimeona ni za kukaa. Nimeuliza sukuma utanunua wapi."

Mama anauza mboga chini ya ploti yetu Mowlem. Sukuma iliyokatwa tayari, nyanya za mafungu, maharagwe na githeri iliyochemshwa kwa wale wanaofika saa tatu usiku bila nguvu ya kupika. Anajua nani hulipwa mwisho wa mwezi na nani hulipwa kila siku, na kila mmoja anakopeshwa kwa kalenda yake. Kibanda hicho kimenisomesha. Kiliwahi pia kubomolewa usiku mmoja, na hakuna aliyekuja kusema ametumwa na nani. Asubuhi Mama alitandika gunia chini akauza hapo hapo, kwa sababu watu wa saa tatu usiku wangekuja tu.

Swali lake lilinifanya niitazame Mowlem upya. Ile michoro ya jiji jipya huonyesha nini? Maduka chini, nyumba juu, watu wanatembea usiku bila woga. Sisi tunayo hayo. Chini ya ploti yetu kuna kinyozi, M-Pesa, bucha, fundi wa viatu na mama wa chapo, na saa nne usiku bado kuna taa na kelele. Hakuna aliyetuchorea. Kitu tulichokosa ni mahali pa kukaa bila kununua chochote. Watoto wanacheza mpira kwenye njia ya gari, wakipigiwa honi wanasogea, gari ikipita wanarudi. Kila kipande kilichokuwa wazi nilipokuwa mdogo sasa kina orofa sita.

Majirani zetu wa Dandora walianza na bahati kidogo. Mradi wa ploti za miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliacha nyua za pamoja katikati ya nyumba. Nyua hizo ziligeuka jaa, mpaka vijana wa korti moja, Mustard Seed, wakaamua kusafisha, kupaka rangi na kupanda maua. Korti nyingine zikaona wivu zikafuata. Nafasi ilikuwapo, ndio maana kuliwezekana. Hata tao, bustani tunazojivunia zilipiganiwa: bila Wangari Maathai mwaka 1989, Uhuru Park ingekuwa na jengo la orofa 60. Huku kwetu hakuna aliyepigania, na sasa hata pa kupigania hapaonekani.

Hivyo ninaona tao wana bustani bila wakazi, sisi tuna wakazi bila bustani, na zile nyumba mpya zitakuwa na wakazi lakini sijui kama zitamruhusu mtu kama Mama. Duka la chini likipangishwa kwa bei ya supamaketi, Mama atakuwa nje ya geti, na aliye nje ya geti anafukuzwa na kanjo.

Hata hivyo nyumba ikitoka nitaichukua. Nimechoka na Jogoo Road. Mama ameshasema hahami, wateja wake wako Mowlem. Tumekubaliana nitakuwa nakuja kila Jumamosi kuchukua mboga za wiki, na ameniambia mapema kwamba nauli ni juu yangu.