Gari halina nguvu, au klachi inateleza?

Najua nimekuwa kimya, mnisamehe, vibarua vilinibana. Leo nimeamka na ujumbe wa mdogo wangu wa Tanga. Daladala yake ya dizeli, ile tuliyoinunua kwa kuchangishana, ikipakia abiria wa Lushoto inafika Mombo vizuri, ila ikianza mlima tu "haina nguvu". Fundi anataka kushusha pampu. Dogo, usimpe hela bado. Soma kwanza yaliyonikuta mimi hapa Durban.

Mnajua ninaishi South Beach, karibu na uShaka. Huku ni tambarare kama meza, na pikapu yangu (hapa wanaita bakkie) ilikuwa inazunguka bila neno. Siku hiyo nikapakia friji na makabati ya mteja anayehamia Kloof. Unafuata barabara ya M13, unapita Pinetown, halafu unakutana na Field's Hill. Mlima ule hauna masihara jamani! Niko gia ya nne, nikakanyaga mafuta, injini ikalia juuu, mshale wa mizunguko ukaruka, lakini mwendo uleule, tena unapungua. Halafu harufu ya kuungua. Nikaegesha pembeni, mteja ananiangalia tu.

Fundi wa kwanza, wa hapa hapa mtaani, aliposikia "haina nguvu" akasema turbo imekufa. Bei aliyotaja ilikuwa ni ile hela ya mabati ya nyumba ya mama, yote. Nilikaribia kumpa. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyestaafu kuendesha malori, tunakaa naye jengo moja. Aliniuliza swali moja tu: pale mlimani, mshale wa mizunguko ulipanda au ulishuka?

Turbo au pampu ikigoma, injini yenyewe inachoka. Mizunguko inashuka pamoja na mwendo, kwa sababu injini bado imeshikana na magurudumu. Lakini mizunguko ikipanda na mwendo usipande, nguvu ipo ila haifiki. Hiyo ni klachi. Na dizeli ina msukumo mkubwa hata mizunguko ikiwa midogo, kwa hiyo klachi iliyochoka inaumbuka kwenye gia kubwa, mzigo mzito, mlima mbele. Kwenye tambarare inaweza kukuficha miezi.

Jumapili alfajiri, kabla waogeleaji hawajajaa, tukapima. Gia ya nne, mwendo kama 50, kanyaga mafuta mpaka chini: mshale ukaruka, mwendo ukabaki. Kisha penye uwazi, hendibreki juu, mguu kwenye breki, gia ya tatu, achia klachi taratibu. Klachi nzima huizima injini palepale. Yangu ikaendelea kunguruma! Usilirudie jaribio hilo mara nyingi, unaichoma zaidi.

Giaboksi iliposhushwa, tukakuta diski imelowa oili. Sili ya nyuma ya injini ilikuwa inavuja. Sili yenyewe bei yake ndogo, kazi ni kuifikia. Ningebadilisha diski peke yake ningerudi gereji tena baada ya muda mfupi. Na mimi nilichangia: nina tabia ya kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Mjomba, hiyo ulinifundisha wewe, usibishe.

Dogo, kabla hujashusha chochote, bonyeza pedeli kwa mkono. Kama haina mchezo hata kidogo pale juu, huenda klachi haishiki yote, na hiyo ni ya kurekebisha tu. Kama dashibodi yako haina mshale wa mizunguko, sikiliza mlio.

Mama, mabati yamechelewa mwezi mmoja, hayajapotea. Dogo, nasubiri jibu leo leo: mlio unapanda au unashuka?