Mishumaa ya Masalio: Safari ya Kasongo na Kabambare

Mgeni afikaye Kasongo, kusini ya Maniema, husimuliwa kwanza mambo ya kale. Huambiwa habari za Tippu Tip, ambaye makao yake makuu yalikuwa katika nchi hii, na za majeshi ya Dhanis yaliyouteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Mimi nami nilisimuliwa hayo yote. Lakini kilichonishika moyo zaidi ni sanduku la mbao katika sakristia, nalo halikuwa na kitu ila vipande vya mishumaa.

Sakristani, mzee mwenye mvi, aliniona nikilitazama. Akacheka. "Mwanangu, wewe waona takataka. Mimi naona mishumaa ya Februari."

Ndugu msomaji, unajua kwamba tarehe 2 Februari ni sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ambayo wengi huiita Sikukuu ya Mishumaa. Siku hiyo waamini huja na mishumaa ibarikiwe, kisha huiweka nyumbani kwa sala, na kwa saa ya ugonjwa na ya kufa. Lakini mishumaa ya dukani hutoka mbali, na mvua ikiharibu barabara hukawia, na bei hupanda. "Mama mwenye watoto sita," akasema mzee, "hawezi kununua mshumaa na chumvi siku moja. Naye atachagua chumvi. Je, tumlaumu?"

Basi kesho yake tulifanya kazi pamoja. Kwanza tulichambua vipande katika mafungu mawili: nta ya nyuki, ya rangi ya manjano na yenye harufu ya asali; na nta ya parafini, nyeupe, itokanayo na mafuta ya petroli. Zamani sheria ya Kanisa, iliyoelezwa tena mwaka 1904, ilidai mishumaa ya Misa na mshumaa wa Pasaka iwe kwa sehemu kubwa ya nta ya nyuki. Leo sharti hilo halikazwi kama zamani. Lakini hata sasa Mbiu ya Pasaka husifu kazi ya nyuki mbele ya mshumaa mpya.

Mzee aliteleka sufuria kubwa ya maji, na ndani yake akasimamisha kopo lenye nta. Nta ya nyuki huyeyuka ifikapo digrii 62 hadi 64 hivi, kabla maji hayajachemka; basi joto la maji latosha. Mtu akiiweka nta juu ya moto wenyewe, hupata joto kupita kiasi hata ikawaka. "Nayo ikiwaka," akanionya, "usiimwagie maji kamwe! Maji hugeuka mvuke ghafula, na kurusha moto mpaka usoni pako. Funika kopo, uondoe kuni."

Nta ilipoyeyuka tuliichuja kwa kitambaa, tukaondoa tambi zilizoungua na vumbi. Kisha tukasuka nyuzi tatu za pamba kama wanawake wasukavyo nywele, tukazichovya katika nta na kuzinyosha. Utambi mwembamba mno huzama katika nta na kuzimika. Mnene mno hutoa moshi. Kalibu yetu ilikuwa kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati, kikapakwa mafuta kidogo ndani, kikafungwa tena kwa kamba, na utambi ukapita katikati yake. Tukamimina nta taratibu. Ilipopoa ilinywea, ikaacha shimo juu, tukamimina mara ya pili. Jioni tulifungua kamba, na tazama, mshumaa ulionyoka!

Nikamwuliza kama ni halali mwanafunzi asomee kitabu chake kwa nta ya kanisani. Hakujibu upesi. Alinionyesha masanduku mawili. La kwanza lilikuwa la mishumaa iliyobarikiwa: masalio yake hurudi katika mishumaa ya sala tu, kwa kuwa kanuni ya 1171 ya sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaamuru vitu vilivyobarikiwa vitumiwe kwa heshima. La pili lilikuwa la mishumaa isiyobarikiwa. Hayo Padri amewaruhusu wanafunzi wasio na taa. "Kutotupa ni vema," akasema, "lakini kutochanganya ni vema zaidi."

Mzee alinikabidhi mishumaa hamsini niipeleke kigango kimoja karibu na Kabambare. Njia hiyo ni ndefu, kilomita zaidi ya 100, na wakati wa mvua pikipiki husukumwa kama vile hupandwa. Nilifunga mishumaa katika majani ya migomba, maana jua huilegeza na kuipinda. Kabambare ni mji wa njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Livingstone, aliyeuita mji huo Bambarre, alikaa hapo miezi mingi mwaka 1870 na mwanzo wa 1871, akiugua vidonda vya miguu. Watumwa wengi na pembe za ndovu zilipita katika njia hiyo. Nilipoishika mishumaa yangu nilifikiri: njia iliyobeba minyororo, leo na ibebe nuru.

Kigangoni nilimkuta mrina asali akikamua masega na kuyatupa nyuma ya nyumba. Nilimweleza niliyoyajua: yafungwe katika kitambaa, yachemshwe ndani ya maji, nta itapanda juu, na maji yakipoa itaganda kama sahani. Alishangaa. "Kumbe miaka yote nimetupa nusu ya kazi ya nyuki!"

Baada ya Misa ya tarehe 2 Februari niliwaomba wakristo walete masalio yao, ili nao waanze sanduku lao. Wengi walileta. Mama mmoja mzee alifungua pindo la kitenge chake, akatoa kipande kifupi kama kidole. Nikanyosha mkono. Naye akaufumba wake.

"Huu siutoi, baba. Ni mshumaa wa ubatizo wa mwanangu. Wakati wa vita, vile vya mwaka 1998 hadi 2003, tulikimbilia msituni. Niliacha vyungu, niliacha mbuzi, nikauchukua huu. Mwanangu alipokuwa anakata roho nilimwashia. Alipokwisha kuniaga niliuzima. Uliobaki nitawashiwa mimi."

Nilirudisha mkono wangu kwa haya. Nilimpa mshumaa mmoja wa Kasongo, akaupokea kwa mikono miwili, akasema, "Huu ni wa wajukuu, wasalie rozari."

Bwana wetu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliamuru masalio yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Hakuona haya kuhesabu vipande. Basi, ndugu msomaji, jioni ya leo mshumaa wako ukifika mwisho, usiyafagie matone yake pamoja na takataka. Yakusanye katika kopo. Lakini kwanza uwaulize watu wa nyumbani mwako, kwa maana huenda kipande unachotaka kukiyeyusha kina mwenyewe anayekingojea.