Homa ikishuka ndipo mtihani unaanza

Najua wiki hii ni test juu ya test, ila leo naomba tuongee afya kidogo.

Mimi kwetu ni Kasansa, huko Katavi, bonde la Rukwa. Kwetu ni mpunga, joto na mbu. Malaria tumeizoea hadi tunaiita homa tu, kama vile ni sehemu ya msimu. Na shida inaanzia hapo hapo, kichwani.

Likizo iliyopita mdogo wangu aliumwa. Akapimwa, ikawa malaria, akapewa dawa ya mseto. Kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Siku ya pili homa ikashuka, ugali ukapanda, jamaa akavitia vidonge vilivyobaki mfukoni. Eti vya homa ijayo! Wiki mbili hazijaisha tukampakia kwenye pikipiki usiku akiweweseka. Alilazwa siku nne. Namshukuru Mungu amepona.

Mseto unaua vimelea vingi haraka sana, ndiyo maana unajisikia mzima mapema. Vichache vinavyobaki ndivyo vinavyozaliana upya. Na dozi nusu nusu zinavipa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu ya usugu, ikaja SP, nayo mwaka 2006 sera ikahamia kwenye mseto. Sasa huko Kagera watafiti wameshaona vimelea vinavyoanza kuivumilia artemisinini, kiungo kikuu cha mseto. Tukiipoteza na hii tutakimbilia wapi?

Sisemi kila ugonjwa ni uamuzi wa mtu. Kuna ambaye zahanati iko mbali, kuna asiye na nauli. Lakini mdogo wangu dawa alikuwa nayo mfukoni!

Ukiwa na maumivu, kumeza dawa hakuhitaji msimamo, mwili wenyewe unakulazimisha. Msimamo unatakiwa ukishapata nafuu. Hata neti ni hivyo hivyo: unaishusha ukiwa mzima, usiku wa joto, mbu humwoni.

Hapa hosteli nasikia watu wakipata kichwa tu wanakimbilia duka la dawa. Jamani, kupima ni tone la damu kidoleni, na majibu ni kama dakika 20. Kapime kwanza, na ukipewa dozi, maliza.

Je, kwenye begi lako kuna vidonge vya "homa ijayo"? Tuambiane ukweli. Tuko pamoja.