Sauti ya Pili

Mwaka 1996, katikati ya mazoezi ya kwaya ya vijana mjini Morogoro, mwalimu alininyooshea kidole akasema, "Wewe, hamia sauti ya pili." Nilikuwa na miaka 16. Niliamini sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, hizo nyingine ni wasindikizaji. Nikahama nimenuna, na hazikupita wiki nyingi nikaacha kabisa kwenda mazoezini.

Mwalimu yule hakulipwa hata senti. Mchana alikuwa fundi cherehani; jioni alituandikia d r m f ubaoni, mikono imejaa chaki. Tukianza kuimba alifumba macho, kichwa akakilaza upande. Tulikuwa tukichekana kwamba mwalimu anasinzia.

Nilihamia Dar es Salaam mwaka 2003, nongwa yangu nikiwa nayo. Siku moja nikaona karatasi kwenye nguzo ya umeme: jifunze kuimba, sauti ya juu, miezi mitatu tu. Nikapiga simu hapohapo. Darasa lilikuwa sebuleni kwa mwalimu, kinanda cha umeme na feni, shilingi 5,000 kwa saa. Alikuwa na sauti haswa! Akiimba, hata watoto wa uani walinyamaza. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Kumbe kujua kuimba ni kazi moja, na kumfundisha mtu kuimba ni kazi nyingine. Aliimba yeye, mimi nikafuatisha. Kisha akapanda kitufe kimoja, na kingine, na kingine. "Sukuma! Toa tumboni!" Namna ya kuitoa tumboni hakunionyesha. Nilirudi nyumbani koo limekwaruza kama nimemeza mchanga. Nilipomweleza, alijibu kwamba ndivyo sauti inavyokomaa, akaniagiza tangawizi, asali na yai bichi kila alfajiri.

Mwezi wa nne, asubuhi moja nikamwambia konda "shusha", ikatoka hewa tupu. Daladala ikanipitisha vituo viwili. Daktari aliniambia nyuzi za sauti zimevimba: wiki mbili za kunyamaza, na hata kunong'ona marufuku. Nilipomwandikia swali la yai, alicheka. Nyuzi za sauti zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa. Yai hupita njia ya chakula. Lingezigusa, ningepaliwa. Mayai ya miezi minne yalikuwa yameishia tumboni.

Sauti ilirudi, hamu haikurudi. Hadi mwaka 2009, kazi iliponipeleka Zanzibar. Jioni, ukipita mitaa ya Mji Mkongwe, unasikia ganuni na fidla zikifanya mazoezi ghorofani. Pale Mizingani, kwenye jengo la forodha ya zamani, palikuwa na chuo cha muziki tangu 2002, lakini mimi nilishaingiwa na woga wa kila mlango ulioandikwa darasa. Nilimweleza jirani yangu, mama wa makamo. Akanijibu kwa mkato, "Nenda kwa Maalim. Mwambie nimekutuma mie."

Baadaye nilielewa kwamba kwao hiyo ndiyo njia ya siku zote. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alifika mjini mwaka 1911 hivi, akaangukia mikononi mwa Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba. Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Ali Muhsin hakubandika karatasi popote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Leo usiimbe. Nihadithie ulivyokuja na boti."

Nikahadithia mawimbi na watu waliotapika, naye kapakata udi, hasemi kitu. Nilipomaliza akagusa uzi mmoja wa chini. "Ukizungumza, unakaa hapa. Basi tuanzie hapa, mlangoni kwako." Tuliimba robo saa tu. Kila baada ya muda aliuliza, "Koo linauma?" Nikisema kidogo, udi unawekwa chini, inaletwa kahawa.

Wiki nyingi tulizimaliza kwenye sauti moja ya makamu (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) iitwayo Bayati, ile ya pili kutoka chini. Kwenye kinanda haipo. Imejificha katikati ya vitufe viwili. Udi hauna vigawanyo shingoni, kwa hiyo kidole kinaweza kuifuata hadi kwake. Mimi nilitoa re. Maalim akatikisa kichwa: "Hiyo yenu ya kwaya. Nzuri, lakini si yenyewe." Siku nilipoipata hakunisifu. Alipiga tu, akaenda mbele, nami nikajikuta nimo ndani ya wimbo.

Siku hiyo, tukinywa kahawa, aliniuliza nani aliniambia nina sauti ya juu. Nikatafuta jina, nikakosa. Nilijiambia mwenyewe. Aliyewahi kunisikiliza kabla yake alikuwa mmoja, na nilimnunia.

Siku hizi matangazo ya walimu wa kuimba yamehamia kwenye simu, na vijana wa ofisini huniuliza wamchague yupi. Nawaambia: nenda mara moja tu. Hesabu ameimba dakika ngapi na amekusikiliza dakika ngapi. Halafu panda daladala, umwambie konda "shusha". Sauti ikitoka, rudi.

Mwaka jana nilipita Morogoro. Fundi bado ana cherehani yake barazani, ingawa macho yamefifia na uzi anatungiwa na mjukuu. Nilisimama juani, sura yangu asingeweza kuiona.

"Shikamoo, mwalimu."

Mguu ukasita kwenye kanyagio. Akalaza kichwa upande.

"Marahaba. Sauti ya pili, karibu ukae."