Masahihisho Yaliyochelewa



Juma hili mama mmoja kijana, akiwa amempakata mwanawe, aliniuliza kama ni kweli kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Nilimjibu kuwa si kweli, nikamweleza uvumi huo ulikotoka. Mwezi Februari 1998 Lancet, jarida la tiba la Uingereza, lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyodokeza hivyo, kwa kutazama watoto 12 tu. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa amelipwa fedha kupitia mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Wasomaji hawakuwa wameambiwa. Waandishi wenzake 10 wakaikana tafsiri ile. Lakini jarida liliifuta makala yote Februari 2010. Miaka 12! Hofu ilikuwa imekwisha kuvuka bahari.

Ningependa kuwalaumu wahariri wale, ila ulimi unakuwa mzito. Nami niliwahi kuhariri jarida dogo la chuo. Tulipokwisha kuchapa, niligundua kuwa kurasa mbili za makala moja zilinakiliwa neno kwa neno kutoka kwa mtu mwingine. Aliyenakili alikuwa rafiki yangu. Nikajisemea, "Toleo lijalo nitasahihisha." Likaja, likapita. Mwenye maneno yale amekwisha kufariki, na nakala iliyomo katika rafu yangu haina hata karatasi ya masahihisho.

Mama yule alisema atampeleka mtoto kliniki Jumatatu.