Siku Pikipiki ya Msikiti Ilipozama

Masika yanapokolea huku kwetu Rufiji, njia za kwenda vijiji vya ndani hugeuka tope jeusi linalonata, na vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvivuka bila kulowesha magoti hujaa hadi kiunoni. Ndiyo sababu waumini wa msikiti wetu, walipochanga fedha za chombo cha kumfikisha ustadhi kwenye madrasa za vijijini, hawakununua pikipiki ya kawaida. Walinunua Honda XL 125 iliyokwisha kutumika, chombo cha porini chenye tairi za meno makubwa na kilichoinuka juu ya ardhi. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kuitunza. Ufunguo ulikaa nyumbani kwangu, na jina langu liliandikwa katika daftari la msikiti.

Jumamosi moja ustadhi alishikwa na homa. Nikamtuma mwanangu, kijana wa miaka 19, awapelekee watoto wa madrasa juzuu zao. Alikwenda salama. Aliporejea, jua likielekea kuzama, hakuwa ameipanda pikipiki. Alikuwa akiisukuma pamoja na vijana wawili. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, hivyo kulowana kwao hakukunishangaza.

“Imezimika tu njiani, baba,” alisema akiwa ameinamisha macho. “Labda petroli ni chafu.”

Niliipanda, nikaweka mguu kwenye kiki. Ilikuwa ngumu ajabu, haikutaka kushuka. Nikainuka ili niikanyage kwa uzito wangu wote. Hapo mwanangu akanishika mkono.

“Baba, usipige! Imeingia maji. Ilizama kijitoni.”

Ndugu msomaji, sitaeleza yote niliyoyasema jioni ile. Yatosha kusema kwamba majirani walisikia. Nililitaja neno amana mara nyingi, nikauliza nitawaambia nini waumini, na nikamwita mwanangu mwongo mbele ya wenzake. Adhana ya Magharibi ndiyo iliyoninyamazisha.

Baada ya Isha alikuja fundi wetu, mtu mzima mwenye maneno machache, na taa yake na mfuko wa spana. Hakuniuliza mimi kitu. Alimgeukia kijana.

“Maji yalifika wapi? Ulizima mwenyewe au ilijizima? Ulijaribu kuiwasha tena?”

Kabla ya kujibu, mwanangu alinitazama mimi. Mtazamo ule sijausahau. Nilikumbuka kwamba miaka miwili nyuma alivunja taa ya sola, akaja kuniambia mwenyewe, nami nikamkaripia mbele ya wageni. Tangu siku ile hakuwahi tena kuniletea kosa lake.

“Mjibu fundi,” nilisema kwa sauti ya chini. “Hakuna atakayekugombeza.”

Akaeleza: maji yalifika kwenye kiti, injini ikajizima yenyewe katikati ya kijito, akajaribu kiki mara moja, ikagoma, akaacha.

“Kuacha kwako ndiko kulikoiokoa,” fundi alisema. Akatufafanulia kwamba hewa iliyo ndani ya silinda hukubali kubanwa, lakini maji hayabanwi. Pistoni ikipandishwa kwa nguvu dhidi ya maji hukutana na kitu mfano wa ukuta, na konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, huweza kupinda. Alisema hatari huwa kubwa zaidi pale watu wanapoisukuma pikipiki ikiwa kwenye gia ili iwake.

Kazi ikaanza. Alifunga koki ya petroli, akatoa chujio la hewa, na sponji yake ikachuruzika maji. Akafungua plagi, kisha akamwambia mwanangu aibonyeze kiki taratibu kwa mkono. Maji yakaruka kutoka kwenye tundu la plagi. Tukaiinua pikipiki wanaume wanne na kuisimamisha juu ya gurudumu la nyuma, bomba la moshi likamwaga maji machafu. Akalegeza skrubu iliyo chini ya kabureta, yakatoka maji kwanza, kisha petroli, kwa kuwa maji ni mazito na hukaa chini. Mwisho akafungulia oili. Haikuwa na weusi wake wa kawaida. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. “Maji yameingia hadi huku,” alisema.

Tulitia oili mpya, na tone chache ndani ya silinda ili isipate kutu. Plagi ilipokauka na kurudishwa, mwanangu alipiga kiki mara tano. Mara ya sita injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanguruma. Fundi aliiacha kwa dakika chache tu, akaizima na kuimwaga oili ile pia, maana ilikuwa na ukungu bado. Asubuhi tukabadilisha tena, na safari hii ilitoka safi. Chupa tatu za oili tulizilipia sisi wenyewe, mimi na mwanangu.

Baada ya swala ya Alfajiri tulikwenda kwa imamu. Nilikusudia kuzungumza mimi, lakini kijana alitangulia, akasimulia yote bila kuficha. Imamu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Mwanangu, wewe hukuumia?”

Akapandisha kanzu. Kwenye muundi palikuwa na jeraha refu, mama yake alikuwa amelifunga kwa kitambaa usiku. Mkondo ulimwangusha, pikipiki ikamlalia mguu chini ya maji. Mimi, niliyekuwa naye usiku kucha kwenye mwanga wa taa, sikuwa nimemuuliza.

Nilirudi nyumbani nikiwa na haya. Nilikuwa nimeililia amana ya msikiti, nikaisahau amana ambayo Allah (s.w.) alinikabidhi mimi na mama yake. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka kumi tangu akiwa mtoto, na alisimulia kwamba hakukaripiwa hata mara moja kwa alilolifanya wala kwa aliloacha kulifanya. Hadithi hiyo nimeisikia misikitini tangu utotoni. Sikuwa nimeifikisha nyumbani kwangu.

Pikipiki inafanya kazi hadi leo, alhamdulillah. Mwanangu hakivuki kijito kabla hajashuka na kukipima kwa fimbo, na maji yakipita magoti hurudi. Nami nikisikia chombo kinasukumwa uani badala ya kuendeshwa, hutoka nje, na swali langu la kwanza si la chombo.