Faili Isifungwe kwa Mashine Moja

Butembo

Mpwa wangu,

Faili ya Excel ya ununuzi wa kakao uliyompa kijana wa pikipiki huko Manguredjipa imefika. Hesabu zako ni safi. Makro ndiyo iliyokataa. Umeandika ndani yake C:\Utilisateurs, kisha jina lako, kisha folda ya kakao.

Windows ya Kifaransa hukuonyesha Utilisateurs, lakini kwenye diski folda hiyo huitwa Users, na kwenye mashine yangu jina lako halimo. Usiiambie kompyuta mahali folda ilipo, iulize. Kila programu inapofunguliwa hupewa orodha ya majina na thamani zake, ndiyo vigeu vya mazingira. Makro huisoma kwa Environ: Environ("USERPROFILE") itakupa folda ya mtu aliyeketi hapo, awe Manguredjipa au Beni. Na neno hilo usilitafutie Kifaransa; SOMME ni fomula ya kwenye seli, lugha ya makro haibadiliki. Jina lisipokuwepo, Environ hailalamiki, inarudisha maandishi matupu. Pima kwanza urefu wake kwa Len, la sivyo risiti zitahifadhiwa pasipojulikana na hutapata onyo lolote.

Nina sababu ya kukusumbua na jambo hili. Juni 2024, watu wa sekta yenu ya Bapere walipokimbia mauaji ya waasi wa ADF kuja Njiapanda na hapa Butembo, aliyeweza kubeba kitu alibeba kidogo. Deni la mkulima likiwa ndani ya faili, faili hiyo lazima ifunguke kwenye kompyuta yoyote itakayopatikana, siku hiyo hiyo.

Kuweka kigeu chako mwenyewe ni kazi nyingine, maana Environ husoma tu. Tumia WScript.Shell:

CreateObject("WScript.Shell").Environment("User").Item("FOLDA_KAKAO") = "D:\Kakao"

Andika "User", usiandike "System". Cha "System" huwahusu wote wanaotumia mashine hiyo na hudai haki za msimamizi. Kompyuta ya ghala si yako peke yako. Jina la kigeu liwe lako kabisa. Usiguse PATH hata kidogo, programu nyingine zinaitegemea.

Ukishaweka, usishangae Environ ikikuletea utupu. Excel ilipokea orodha yake ilipofunguka, na kilichoongezwa baadaye haikijui. Ifunge yote, uifungue upya. Ukihitaji thamani papo hapo, isome kwa WScript.Shell ileile, ambayo huitazama registri moja kwa moja.

Mambo mawili nakukataza. Neno la siri usiliweke humo: linakaa wazi, na programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inaweza kulisoma. Wala USERNAME usiifanye saini ya malipo. Mtu anaweza kuibadilisha kabla ya kufungua Excel, na mkulima akija kudai feza zake utakuwa na jina la mtu ambaye hakulipa. Saini ya karatasi ibaki.

Juu ya karatasi ya kwanza ya faili, andika kwa Kiswahili kwamba kuna kigeu FOLDA_KAKAO na kinapaswa kuelekeza wapi. Atakayekuja baada yako hataweza kukikisia.

Anza na makro ya risiti. Ya ripoti ya mwezi inaweza kungoja.

Mjomba wako